Tiketi ya Pembeni

Wateja walimwita Macho Matatu: mawili aliyozaliwa nayo, na la tatu ile lenzi nyeusi aliyoibana jichoni kila alipofungua saa. Miaka thelathini na miwili alikaa kwenye kibanda chake cha vioo kando ya benki, akichokoa vigurudumu vidogo kuliko punje ya mchele. Ukimletea saa iliyowashinda mafundi wengine, hakuwa na maneno mengi. "Iache. Njoo kesho." Na kesho yake kweli unaikuta inatembea. Sasa huyo huyo, jamani, ndiye aliyekuwa anapofuka, na hakuna aliyejua isipokuwa daktari na kaka yake.

Haukuwa upofu wa kuzimika ghafla. Ulikuwa ule unaokula taratibu kutoka pembeni. Presha ya macho, daktari alimwambia, wala hakumzungusha: mbele bado unaona, ndiyo maana saa unazitengeneza, lakini pande zote zimeshakufa, na hicho kitundu kilichobaki nacho kitaziba, labda mwaka huu, labda mwakani. Fundi aliitikia tu, "Haya, daktari," akachukua chupa yake ya matone akaenda zake kazini.

Mkewe hakumwambia. Angeanzia wapi? Mama wa watu presha yake ilipanda kwa mlango kugongwa tu. Na wateja je? Nani atamkabidhi saa ya marehemu baba yake fundi asiyeona? Basi akawa mtu wa visingizio. Akipiga teke ndoo uani, anamfokea aliyeiweka. Akimpita jirani bila salamu na kuambiwa ana maringo, anayakubali maringo. Afadhali maringo.

Kitu kimoja tu alikitaka kabla kitundu hakijaziba. Yeye na kaka yake walikuwa mashabiki wa timu moja tangu utotoni, lakini timu yenyewe waliijua kwa masikio: redio, mechi baada ya mechi, wakigombana nani ashike antena. Uwanjani hakuwahi kukanyaga, maana siku za mechi ndizo siku za wateja. Mwaka huu timu ikaingia fainali. Kaka mtu akamfuata kibandani.

"Funga hiki kiduka siku moja tu, mdogo wangu," alisema. "Twende ukaione kwa macho yako. Ubaki na kitu cha kukumbuka."

Wakanunua tiketi mbili kwa simu, wakaenda stesheneri zikachapwe. Dada wa stesheneri aliwakabidhi karatasi zao na onyo juu yake: "Wazee wangu, huu mraba wa madoadoa ndio tiketi yenyewe. Mashine ya getini inausoma huu, tena mara moja tu. Mtu akiupata kwenye picha, ataingia yeye na nyinyi mtabaki nje. Msimwonyeshe mtu."

Siku nne kabla ya mechi, kaka akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alilia, mtu mzima yule, na wala hakulilia maumivu.

"Yangu iuze mtandaoni," alimwambia fundi pale wodini. "Lakini yako hata wakikupa dunia usiiuze. Unanisikia? Nenda ukaniangalizie."

Fundi alirudi kwenye meza yake ya kazi, akazitoa tiketi zote mbili. Yake akaiweka kando. Ya kaka akailaza mbele yake, na juu ya mraba akaweka mfuniko wa saa, ukaenea sawasawa. Akapiga picha, akaisogeza simu karibu na pua kama kawaida yake, akakagua. Mfuniko upo, mraba hauonekani. Akaituma kwenye kundi la mashabiki na maneno haya: "Nauza kwa bei niliyonunulia. Mimi si mlanguzi." Alijipongeza, na alikuwa na haki. Wangapi huko mtandaoni wanaanika tiketi zao nzima nzima kisha wanabaki kulia? Muda si muda mwalimu mmoja akaitaka, na kesho yake akaja mwenyewe kibandani, akalipa, akachukua karatasi yake.

Siku ya mechi mkewe aling'ang'ania kumsindikiza hadi getini. "Siku hizi unatembea kama umebeba mawazo ya ukoo mzima," alimtania, "utagongwa." Akamshika mkono njia nzima. Fundi alikuwa na furaha hadi midomo inamcheza. Kwenye foleni mwalimu alikuwa mbele yao. Mashine ikawaka kijani, mwalimu akapita, akageuka akapunga mkono. "Tukutane ndani, fundi!"

Fundi akatoa yake. Mashine ikawaka nyekundu.

Binti wa getini akairudia. Nyekundu tena. "Baba, hii imeshatumika. Saa nane na dakika saba, geti la upande wa pili."

"Saa nane na dakika saba mimi nilikuwa nyumbani nafunga kamba za viatu!" Sauti ilimpanda, watu wakageuka. "Nani kaitumia?"

"Sijui, baba. Uliiweka mtandaoni?"

"Niliyoiweka ni ile nyingine, na mraba niliufunika. Mimi si mtoto! Ngoja nikuonyeshe." Akampa simu kwa kujiamini kabisa.

Binti aliitazama picha, akamtazama mzee, kisha akamgeuzia mkewe kioo cha simu. Katikati ilikuwepo tiketi ya kaka na mfuniko wake. Na kushoto, ukingoni mwa picha, tiketi ya pili imelala, mraba wake wazi kabisa. Siku ile ilikuwa hapo mezani, shibiri moja tu kutoka mkononi mwake.

"Baba watoto," mkewe alisema polepole, "hii ya pembeni hukuiona?"

"Ipi?" Fundi aliinamia simu, akakazia macho palepale katikati. "Mbona mfuniko huu hapa?"

Mkewe akaanza kukumbuka. Ndoo ya uani ikamjia. Jirani aliyenuna akamjia, na mlango wa kabati, na kikombe kilichovunjika juzi. Akamshika mumewe bega, akamsimamisha wima, akauinua mkono wake mwenyewe kando ya sikio la mumewe, vidole vimetanuka.

"Tazama mbele, usigeuke," alisema. "Hivi ni vidole vingapi?"

Ndani uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, timu ilikuwa inaingia kupasha misuli. Fundi akatega sikio, kama alivyozoea miaka yote kwenye redio.

"Vidole vipi?" akauliza.