Hitma ya Mtu Aliyesimama Chini ya Kibao

Enzi zetu picha ilikuwa na adabu zake. Hukuipiga ovyo, maana mkanda ulikuwa ghali, na kuchomoza midomo kama bata kulikuwa bado hakujavumbuliwa. Ulivaa nguo ya Idi hata kama Idi imeshapita, ukaegemea gari la jirani, ukasimama wima, kisha ukangoja wiki nzima kujua kama ulifumba macho. Sisi tuliolelewa Riverdale Park mwishoni mwa miaka ya tisini tulifumba macho sana. Nadhani jamaa wa Unguja tuliowatumia picha hizo waliamini watoto wa Marekani hulala wamesimama.

Kwetu picha hazikuwa shida, kwa kuwa Baba alifanya kazi katika duka la kusafisha picha huko Fairfax. Jumamosi alirudi ananukia dawa za kazini, akatukuta tumetoka chuoni kusoma Kurani, tunagombania mahamri. Siku moja mteja mwenye duka la vitu vya kale alimletea mikanda iliyopigwa mitaani Washington miaka ya hamsini: vibao vya vinyozi, vya wang'arisha viatu, vya samaki wa kukaanga, na watu na kofia zao wakipita chini yake. Picha zilizotoka nyeusi mno zilikuwa za kutupwa, na Baba hakuwa mtu wa kutupa. Akazitia fremu, akazitundika sebuleni juu ya kochi letu, lile lililokaa na nailoni yake ya dukani mpaka tukamaliza shule. Mama aliona haya. Kwetu ukutani hutundikwa wazee wa nyumba, si vinyozi wa watu. Wageni wakiuliza, "Hawa nani?" alijibu haraka haraka, "Upande wa baba yao."

Ndipo akaja Bibi, mama yake Baba, kutoka Unguja. Alisema amekuja kuwaona wajukuu, lakini sote tulijua amemfuata kaka yake Salim. Huyo aliondoka na meli ya mizigo kabla Baba hajazaliwa, akatuma kopo moja la biskuti kutoka bandari moja ya Marekani, kisha kimya. Kopo lile Bibi alilitilia sindano na uzi maisha yake yote. Kwa kuwa haikujulikana kama Salim yu hai au amekufa, hakuwahi kusomewa hitma, kisomo cha kumwombea marehemu, na hilo lilimuuma Bibi kuliko kifo chenyewe. Pale uwanja wa ndege alimwuliza afisa wa pasipoti kama anamjua Salim, mrefu, ana mwanya. Baba aliyekuwa akimngojea nje alihadithiwa hayo na msafiri mwingine, akacheka mpaka garini.

Bibi alipoingia sebuleni, mkoba ulimdondoka.

"Salim!"

Alikuwa akimwonyesha kijana mwembamba katika picha ya katikati, kofia ameiweka upande, anacheka na mwanya wake chini ya kibao cha mkahawa.

"Mama, hiyo picha ya kazini," Baba akasema. "Mteja kaja ku-drop mikanda yake, mimi nika-print tu."

"Mjinga we! Mjomba wako umemtundika kwa mkono wako na hukumjua!"

"Bibi, that's just some guy," akasema kaka yangu.

"Kasemaje?"

"Kasema anafanana naye kweli," akajibu Mama, ambaye alitaka amani nyumbani mwake.

Tangu siku hiyo Bibi alikunywa chai yake chini ya picha ile. Alimpa Salim habari zote za mtaa: nani kaoa, nani kaachwa, nani kajenga ghorofa kwa fedha zisizoeleweka. Sisi tulicheka chini ya meza. Lakini asubuhi moja nilimkuta analia kimya kimya, kanga mdomoni, nami sikuwahi kumwona Bibi akilia. Niliogopa. Aliniambia Salim lazima amekufa, maana angekuwa hai harufu ya mkate wake wa kumimina ingeshamleta. Akataka asomewe hitma kabla yeye hajarudi Unguja. Baba hakuamini hata kidogo kwamba yule ni Salim, ila alisema Yasini haimdhuru mtu.

Watu wakaja kutoka Greenbelt na kwingineko, viatu vikajaa mpaka kwenye ngazi. Udi ulifukizwa hadi kengele ya moshi ikapiga kelele katikati ya dua, Baba akapanda kiti kuipepea kwa kanga ya Mama. Na kwa kuwa harufu ya biriani ikishafika mlangoni kwa jirani naye lazima ale, Mama alinituma chini kumwita Bwana Otis, mstaafu Mmarekani mweusi aliyehamia juzi juzi. Kiswahili alijifunza darasani na alikijua kutushinda. Kila akitukuta ngazini alisema, "Hamjambo, wapendwa majirani! Mmeshindaje?" Sisi tulimjibu, "Good," tukakimbia.

Alifika wakati watu wanaitikia amina. Akanawa, akaketi, akala tonge mbili, akainua macho ukutani. Akaacha kutafuna.

"Samahani, wapendwa. Kwa nini picha yangu imetundikwa hapa?"

Maalim wetu wa chuoni, aliyeongoza dua, alikuwa na mnofu mdomoni. Akaushikilia hapo hapo.

"Yako vipi?" Bibi akauliza.

"Kijana huyu ni mimi."

"Mwanya uko wapi?"

Bwana Otis akageuka pembeni kwa heshima, akatoa meno yote ya juu. "Haya nimenunua," akasema, kwa shida kidogo.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bibi alijifunika uso kwa kanga, na mimi nilijua amempoteza kaka yake mara ya pili. Alipojifunua, aliuliza kwa sauti ndogo, "Na ulikuwa ukicheka nini pale nje?"

"Mpiga picha aliniomba nicheke. Nilikuwa ninangojea chakula changu. Ndani ya mkahawa ule, sisi watu weusi hatukuruhusiwa kuketi."

Bibi aliinuka. "Sogeeni," akawaambia wanaume. "Huyu hapa kwetu hali pembeni." Akamkalisha katikati kabisa, chini ya picha yake, akamwekea paja la kuku lililokuwa la Maalim.

"Na hitma je?" Baba akanong'ona.

Maalim akameza. "Imemfikia Salim. Dua haisomewi picha."

"Na wewe umesomewa ukiwa hai," Bibi akamwambia Bwana Otis. "Umewahi foleni."

Hapo ndipo tukacheka, na Bibi akacheka kuliko sote huku machozi yakimtoka. Bwana Otis akawa anapanda kila Jumamosi bila hodi, kula na kutusahihisha Kiswahili chetu. Picha Bibi aliondoka nayo. Unguja, mgeni akiuliza, "Huyu nani?" alijibiwa, "Ndugu yangu wa Marekani. Anakula huyo!"

Juzi nilimsimulia mwanangu. Bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake akasema, "Mom, one scan and you'd know it wasn't him." Kweli. Simu ingetuambia papo hapo, biriani isingepikwa, na Bwana Otis angebaki chini akinusa vyakula vya watu. Simu yangu ina picha maelfu, na hakuna hata mtu mmoja aliyetoka humo akaja kula kwangu.

Jumamosi hii nimepika biriani. Nilipofunua sufuria, nyumba nzima ikanukia, ndipo nikakumbuka kwamba jirani yangu wa chini simjui hata jina. Nimemwambia mwanangu aweke simu, avae viatu, ashuke akamwite.