Neno Ambalo Kasyoki Alimwambia Karani wa Sensa

Kasyoki, mjane wa Munyao, wa huku juu Kikima, alioa mke mwaka wa themanini na sita. Usishtuke. Rudia polepole kama hukuelewa: Kasyoki ni mwanamke, na alioa. Ninyi vijana mnaojua kila kitu kwa sababu mna simu, hili hamkulipata huko kwa simu. Kaeni vizuri basi mfundishwe na mtu aliyeishia darasa la saba na bado anawashinda.

Munyao alikufa bila kuacha mtoto. Kwetu Wakamba jina la mtu halikuachwa lizimike hivi hivi. Mjane mwenye mbuzi wa kutosha alitafuta msichana, akamlipia mahari kama mwanamume yeyote, na watoto waliozaliwa wakaitwa wa marehemu. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Kasyoki alikwenda mwenyewe mpaka Tulia, kule Kitui, na mbuzi kumi na wawili ndani ya lori la mahindi, akarudi na Nzisa, msichana wa miaka ishirini, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa jembe. Watu walisherehekea siku mbili. Nyamai, wakati huo kijana mwembamba asiyekosa karamu ya mtu, alikula mguu mzima wa mbuzi peke yake. Ukumbuke huo mguu.

Nzisa akazaa wawili, wa kiume na wa kike, wote wa Munyao kwa jina. Wakakua, wakasoma, wakaondoka kama wanavyoondoka wote. Siku hizi ukipita hii milima, kila boma utakuta wazee wawili na kuku. Boma la Kasyoki lilikuwa hivyo hivyo: yeye, Nzisa, na kikombe kimoja cha bati chenye kovu ukingoni. Asubuhi Kasyoki alikunywa nusu, Nzisa akamalizia. Miaka thelathini na mitatu. Nzisa alimwita Mwaitu, yaani mama.

Wasomi wana maneno marefu ya mambo yaliyofuata: mabadiliko ya jamii, ukengeushi, sijui nini. Huku kwetu ni hivi: kitu kilichoitwa heshima mwaka wa themanini na sita kilianza kuitwa dhambi, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kutangaza tarehe.

Kasyoki alilijua hilo siku walipomzika jirani yake Mbithe. Mbithe naye alikuwa ameoa. Mchungaji hakuja, kwaya haikuja. Vijana wanne walifukia kaburi kwa robo saa, mmoja akiongea na simu. Kasyoki alirudi nyumbani, chakula kikapoa mbele yake.

"Mimi nataka nizikwe na nyimbo," akasema.

"Basi kaokoke, Mwaitu," Nzisa akamjibu akicheka. "Kama ni nyimbo tu."

Akaenda. Lakini Nyamai, yule wa mguu wa mbuzi, sasa ni mzee wa kanisa tena mzee wa kijiji, kofia mbili juu ya kichwa kimoja. Akamwambia atabatizwa, ila kwanza atengeneze nyumba yake. "Unajua ninachosema," akasema. Kasyoki alijua, akajifanya hajui. Akaandikiwa ubatizo wa Jumapili ya kwanza ya Septemba, elfu mbili na kumi na tisa.

Wiki hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya sensa. Alhamisi asubuhi akaingia karani, msichana wa hapa hapa aitwaye Mumbua, na tableti yake kifuani. Mzee wa kijiji ndiye huwaongoza makarani, kwa hiyo nani mwingine? Nyamai. Nzisa alikuwa amekaa mlangoni na ungo, akimenya mbaazi.

"Mkuu wa nyumba ni nani, susu?" Mumbua akauliza. Susu kwetu ni bibi.

"Ni mimi. Kwani unaona mwingine?"

"Na huyu mama ni nani wako?"

Nyamai akakohoa. Hakuwa na kikohozi, huyo.

"Lazima nijaze," Mumbua akasema. "Ni mtoto? Ni mkwe? Ni dada? Ni mfanyakazi?"

Kasyoki akamtazama Nyamai. Akaona kaburi la Mbithe, na yule kijana wa simu. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu kabla ya ubatizo.

"Andika mfanyakazi."

"Wa nyumbani?"

"Wa nyumbani."

Mbaazi zikanyamaza kidogo kwenye ungo. Kisha zikaendelea kudondoka, moja moja.

 Jumamosi Nzisa alifua kanzu nyeupe ya ubatizo, akaipiga pasi ya makaa, akaitundika msumarini. Akapika, akafunika. Halafu akachukua mfuko mmoja akaondoka. Kasyoki alidhani ameenda dukani.

Jumapili alizamishwa kwenye bwawa. Kwaya iliimba mpaka shingo zikatoka mishipa. Alipotoka majini akitetemeka, alinyoosha mkono kuomba leso, akamtafuta Nzisa kati ya watu. Leso alipewa na mtu asiyemjua.

Jumanne alimfuata Mumbua mpaka ofisi ya chifu.

"Kuna neno nilisema kwako. Nataka kulirudisha."

"Susu, yalishatumwa Nairobi."

"Basi hiyo ingine ni lini?"

"Sensa? Baada ya miaka kumi."

Kasyoki alikuwa na sabini na minane. Hata sisi tulioishia la saba tunaweza kuijumlisha hiyo.

"Lakini usijali," Mumbua akamwambia kwa upole. "Hakuna mtu atasoma jina lako. Ni hesabu tu."

"Nzisa alisikia," Kasyoki akasema.

Habari zikamfikia kwamba Nzisa yuko Mukuyuni, kwenye hoteli ya dada yake, anakanda chapati. Akapanda bodaboda, mwanamke wa umri ule, akiwa amemshika dereva kiuno kama mchumba. Siku nyingine angecheka mwenyewe.

Alimkuta na unga mpaka viwiko. Mezani walikaa wanawake watatu wenye leso za kanisa, za kanisa lile lile, wakila maharagwe.

"Nimekuja kukuchukua," Kasyoki akasema.

Nzisa akafuta mikono. "Nije kama nani, Mwaitu?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayeuliza bei. Lilihitajika neno moja tu, neno ambalo Tulia nzima ililisikia mwaka wa themanini na sita, likapigiwa vigelegele. Kasyoki akalileta mpaka mdomoni. Wale wanawake wakaacha kutafuna. Mmoja akageuza kiti.

"Twende tu nyumbani," Kasyoki akasema. "Kule wewe ni... wewe ni mtu wa kwangu."

Nzisa akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyemaliza kusikiliza taarifa ya habari. "Kaa, Mwaitu. Umetoka mbali."

Akaingia jikoni. Akatoka na kikombe cha kauri chenye maua, juu ya kisosi chake, kijiko pembeni, kile wanachowekea wageni. Akakiweka mbele yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akarudi kwenye chapati zake.

Kasyoki alikunywa chai ile polepole. Alipofika nusu, mkono wake ukanyanyua kikombe wenyewe, ukakinyoosha upande wa jikoni, kama kila asubuhi. Ukakaa hewani. Nzisa alikuwa amempa mgongo, anasukuma chapati.

Basi akakirudisha mdomoni, akaimaliza chai yote, akasema asante, kama mgeni.