Nyota ya Babu Kutoka Burma

Mama yangu haoni tena, na tangu macho yazime hamu yake ni moja tu: kuishika nyota ya baba yake kabla hajafa. Babu alipewa medali hiyo na Waingereza kwa kupigana Burma. Iko Itigi kwa mama mdogo. Basi nikamwacha mama na mke wangu hapa Unyambwa, nikaondoka.

Alfajiri, stendi ya Singida. Basi lilichelewa kama kawaida yake, nikanung'unika weee mpaka nikachoka. Tulipoipita Manyoni vichaka vikaanza, vikavu, vimeshikana hadi mbuzi anapenya kwa shida. Humo ndimo babu alimotundika mizinga yake ya nyuki. Jamani, nilimkumbuka mno.

Itigi, mchana.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo, hawakulishi?"

Akaifungua nyota kwenye kitambaa. Ni ya shaba, ncha sita, katikati ina taji na herufi za mfalme. Utepe wake ni wa buluu, una mstari mpana mwekundu katikati na mchirizi wa rangi ya chungwa kila upande. Babu alikuwa akituambia ule wa chungwa ni jua la kule.

"Jina lake liko wapi?"

"Thubutu! Waliandika la mfalme wao tu. Babu yako alikasirika, akachukua msumari akakata mgongoni mwa nyota alama ya mizinga yake, mikato mitatu, watu wajue ni ya nani."

Nikaigeuza. Mgongo ulikuwa laini kama kijiko.

"Sasa si naisugua kwa majivu kila Krismasi," akasema, sauti imeshuka. "Nilitaka ing'ae, mwanangu."

Kesho yake nilirudi na nyota mfukoni, moyo mzito. Nilijua mama ataitafuta ile mikato.

Unyambwa, jioni. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole mgongoni, akapitisha tena.

"Hii siyo ya baba."

Nikamweleza habari za majivu. Machozi yakamtoka. "Nimemkosa baba hata hapa," akasema. Akanirudishia nyota. "Lete msumari."

Miaka yote nilidhani medali hutunzwa kwa kung'arishwa. Nilijifunza vingine pale, nimeishikilia nyota mezani huku mama akikata kwa kupapasa. Mkato wa tatu ulikwenda upande. Akaugusa.

"Hata wa baba ulikuwa hivi hivi," akasema.

Sikumwamini, lakini nililia naye.