Maji Hayasikii Breki

Madereva wenzake walimwita Bibi Harusi, kwa jinsi alivyolishusha lori la maji mteremkoni kama anayeogopa kukanyaga shela lake. Hakuwajali. Alianza katika yadi ile ya malori ya maji kwa kuosha magari, akapandishwa kushika mpira wa kujazia matangi, akajifunza kuendesha akiwa na mimba ya pili, tumbo linagusa usukani. Miaka kumi na minne hajakwaruza hata ukuta wa mtu. Hao waliomcheka, hebu waulize bampa zao.

Ndipo akaja msimamizi mpya, shati limenyooka kuliko akili.

"Mama, wenzako safari nne kwa siku, wewe mbili. Una nini?"

"Nina nusu tangi."

Ratiba yake ilikuwa kumwaga nusu ya maji hospitalini, juu kilimani, kisha kuteremsha nusu iliyobaki mpaka shuleni.

"Si ndiyo mzigo umepungua? Kimbia!"

"Likijaa, maji hayana pa kwenda, yanatulia. Likiwa nusu, yamepata uwanja. Nikifunga breki lori linasimama, maji hayana habari. Yanaendelea na safari yao mpaka yakutane na chuma cha mbele. Tani tano hizo, bosi, zinakuja mgongoni kwangu."

"Hadithi hizo. Jumatatu nataka safari nne, au uniachie ufunguo."

Nyumbani binti yake alikuwa anakariri masomo kwa sauti: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie.

"Nani kasema?" mama akauliza.

"Kitabu."

"Aliyekiandika kaendesha lori la maji huyo."

Mumewe hakucheka. "Mama watoto, nenda tu hizo nne. Kazi ikiota mbawa, tutakula fizikia?"

"Na nikibaki mteremkoni, hizo safari nne ndizo zitakupikia?"

Mume akajifanya anatafuta viatu.

Jumatatu asubuhi mama alijaza nusu tangi, akaliweka lori mwisho wa yadi. Mpira wa kujazia ulikuwa unavuja kama kawaida, sakafu ya zege imelowa chapachapa. Akamwita msimamizi mbele ya madereva wote.

"Panda, bosi. Unifundishe kukimbia."

Msimamizi akapanda na kikombe chake cha chai. Alipoonyeshwa mkanda akaupungia mkono: hapa yadini tu, mama! Lori likaondoka, likaongeza kasi, mwendo wa mtu anayewahi kazini, si zaidi. Mama akakanyaga breki. Lori likasimama.

"Si hilo limesim—"

Puu! Maji yakafika. Lori zima, breki zimefungwa, matairi hayazunguki, likateleza mbele hatua nzima juu ya zege lililolowa. Paji la uso la msimamizi likagonga kioo, chai ikamwagikia shati. Maji yakarudi nyuma, yakagonga, yakaja tena, kichwa cha lori kinayumba.

"Hapo ni tambarare," mama akasema. "Twende kilimani?"

"Nishushe!"

Alishuka akishika paji lake, lakini mdomo haukuwa umeumia. "Amri ni amri. Nne!"

Mama akamwekea ufunguo kiganjani. "Haya, liko hapo. Endesha."

Msimamizi akawageukia madereva, ufunguo ameunyoosha. Mmoja akakumbuka ana tairi la kuangalia. Mwingine, mcheshi wao mkubwa, akakuna kisogo: "Bosi, juzi lori lilinivusha makutano nimekanyaga breki mpaka chini. Sikusema, niliona haya. Mimi nusu tangi kwa mbio sichukui."

Simu ya ofisini ikaanza kulia: saa hizi ni hospitali tu, inauliza maji.

"Chukua, mama," msimamizi akasema chinichini.

"Safari ngapi?"

"Zako."

"Sisikii. Na hawa hawasikii."

"Mbili!"

"Mimi peke yangu?"

Simu bado inalia. "Kila mwenye nusu tangi!"

Ndipo akaupokea ufunguo, akapanda, akafunga mkanda.

"Andika kwenye ubao wa ratiba basi," akamwambia kutoka dirishani. "Ulichogonga ni kichwa, mkono mzima."