Kisa cha Mama wa Mtowisa

Asubuhi wafadhili walipokuja Milanzi, niliingia chooni mara tatu. Nilikuwa karani wa nyumba ndogo ambamo wajawazito kutoka mbali husubiri siku zao, wawe karibu na hospitali. Wageni wasiporidhika, tungefunga kabla ya masika, na akina mama wangejifungulia kwenye barabara zile zile mbovu.

Mkurugenzi wetu alikuwa ameniambia, "Ripoti wameshasoma. Wape kisa." Nami kwa kuandika visa najisifu, sifichi. Nikamchagua mama mmoja wa Mtowisa: mimba ya kwanza mtoto alifia njiani, ya pili akaja kwetu, akajifungua salama. Kilikuwa kisa kizuri, hata nikakifurahia, Mungu anisamehe.

Nilipoanza kukisoma, mwenyewe alikuwa amekaa mbele, mtoto amempakata. Akanyoosha mkono.

"Kaka, samahani. Acha niseme mwenyewe."

Kiswahili anakijua vizuri, lakini alisema Kifipa, nami ikabidi niwatafsirie wageni. Mwanzoni mambo yalikwenda. Alieleza alivyopanda mlima na mimba ya kwanza, kipande kwa pikipiki, kipande kwa miguu, mpaka getini kwetu.

Getini kwetu? Kwenye karatasi yangu hakuwahi kufika.

Aliendelea taratibu, bila hasira. Alimkuta mtu mezani, akaombwa barua ya zahanati ya kijijini kwao, kwa kuwa utaratibu wetu ni huo, bila barua hupokelewi. Hakuwa nayo. Akaambiwa arudi akaichukue. Akaanza kushuka, uchungu ukamkuta mteremkoni.

Kisha akaningoja nitafsiri.

Nilikuwa nimemhoji siku mbili nzima, na sikumuuliza siku ile alikuwa anatoka wapi. Niliandika "njiani" tu, nikaona inatosha. Na pale mezani, tangu nyumba ifunguliwe, nimekaa mimi peke yangu. Uso wake wa mara ya kwanza siukumbuki hata leo.

Mkurugenzi alinikazia macho. Kifipa hajui, ila jasho langu aliliona. Ningeweza kusema mama alikosa usafiri. Niliiogopea nyumba, nilikiogopea kibarua changu, na zaidi nilimwogopa yeye, aliyekuwa anambembeleza mtoto huku akinitazama.

"Anasema alifika hapa, mtoto akiwa hai tumboni," nilitafsiri. "Aliyemrudisha ni mimi."