Mgane wa Kirumba

Nilikuwa mwandishi wa redio hapa Mwanza pale mfanyabiashara mmoja wa Kirumba alipotangaza kwamba mkewe ametoweka. Alikuja studio mwenyewe, amevaa suti nyeusi kana kwamba ametoka kuzika, akalia hewani. Alilia kwa ufundi. Alijua wapi anyamaze ili kipaza sauti kizipate kwikwi zake.

Mji ukamwonea huruma. Kanisani kwake walifunga na kuomba. Wengine walisema mama kaliwa na mamba, wengine kazama ziwani. Polisi walisema uchunguzi unaendelea, maneno yanayotumika pale ambapo hakuna anayechunguza. Bosi wangu alifurahi kwa sababu simu za wasikilizaji hazikukatika, akaniagiza nifuatilie.

Nikaenda Mwaloni, soko la samaki ambako yule mama alikuwa akiuza dagaa. Mwenzake wa meza moja hakuacha kuchambua dagaa wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni habari za mwenzangu, sina. Mwenyewe hapendi watu wa redio."

Hapendi. Watu wengine wote walikuwa wakisema alipenda, alicheka, alikuwa mtu mwema.

"Mama," nikasema polepole, "mimi simtafuti kwa ajili ya mumewe."

Akaacha kuchambua dagaa. "Rudi kesho."

Kesho yake alinielekeza Usagara, nyumbani kwa dada wa yule mama, jirani na njia panda. Nikamkuta marehemu wetu anakaanga mihogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda. Mfupa uliunga vibaya. Sikumuuliza aliyeuvunja, lakini alinieleza.

"Niliwahi kuripoti polisi," alisema. "Mume wangu akaitwa, akaja na mchungaji wetu. Wakaniambia nirudi nyumbani nikapike, yaishe."

"Unataka nitangaze nini?"

"Sema niko hai, na sema kwa nini niliondoka. Nilipo usiseme."

Nilianzia kwa mume. Nilimkuta dukani kwake, wafariji wamemzunguka. Nikamvuta pembeni, nikamwambia mkewe yu hai. Nilitegemea angalau aigize furaha, maana kipaji alikuwa nacho. Akafunga mlango, akauliza, "Nani mwingine anajua?" Hakuuliza kama mkewe ni mzima.

Bosi wangu hakuwa bora zaidi. "Yuko wapi?" alisema. "Tumlete studio, wapatane hewani." Nilikataa. Jioni ile nikasoma habari yenyewe kwenye taarifa, maneno machache tu, bila kumwonyesha kwanza. Akanihamishia matangazo ya vifo.

Waumini waliokuwa wamefunga wakaona wamedhalilishwa. Aliyewadhalilisha, kwa maoni yao, ni mwanamke aliyethubutu kutokufa. Mume wakaendelea kumpa kiti cha mbele.

Wiki zilizofuata nilimsindikiza yule mama, pamoja na dada yake, kufungua kesi upya. Mkono ule ulipigwa picha hospitali, jirani zake wa Kirumba wakaitwa, na waliokuwa wakisikia vipigo vyote bila kugonga mlango sasa walikumbuka kila kitu. Mume alifungwa. Mchungaji, alipoitwa kutoa ushahidi, alitoa udhuru kwamba ana safari.

Mama mwenyewe alibaki Usagara, akafungua mgahawa mdogo. Nimekula pale mara nyingi, na sijawahi kusikia kwamba kuna mtu wa kanisa lile aliyekwenda kumpa pole.