Kwa mnaomeza dawa za thyroid na kujiona mmepona: chupa ambayo mama yangu aliiweka madhabahuni

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, kama mpo humu. Waliobaki wote, marahaba.

Mimi ni bibi, mwalimu mstaafu, nakaa Soweto hapa Mbeya. Mjukuu ndiye aliyenifungulia akaunti, ila nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mnivumilie.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Kwa umri huu nidanganye ili nipate nini?

Juzi nimesoma humu dada mmoja anasema ameacha vidonge vya thyroid kwa sababu "najisikia poa kabisa, Mungu ni mwema". Chini yake watu wamejaza hongera na Amina. Nikaweka simu mezani, na chai yangu ikapoa pale pale.

Dada, mimi pia nameza hivyo vidonge. Lakini leo sitasimulia habari zangu. Nitasimulia za mama.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Baba alikuwa fundi seremala hapa Mbeya, na karakana yake ilikuwa uani kwetu. Mimi nilikuwa msichana wa shule, mtoto wa kwanza, na mnajua mzigo wa mtoto wa kwanza.

Mama alikuwa mtu wa kuimba. Akilima anaimba, akifua anaimba. Kwaya ya kanisani bila yeye ilikuwa inayumba.

Halafu akaanza kubadilika, polepole mno, hata sisi wa ndani hatukushtuka.

Alisikia baridi wakati sisi tunatoka jasho. Uso ukavimba, ngozi ikakauka, nyusi zikapukutika. Anabandika maharage, anasinzia, maharage yanaungua. Sauti ikawa nzito kama ya mwanaume mwenye mafua. Kuimba kukaisha kabisa.

Majirani wakasema ni mvivu. Wengine wakasema amerogwa. Kuna shangazi aliyemwambia baba waziwazi amrudishe kwao, atafute mke mwenye nguvu. Mama alisikia. Nilimwona akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Baba akampeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mzungu, na nesi aliyetafsiri alikuwa mama wa Kinyakyusa, mcheshi. Daktari akamshika shingo, akamgonga goti, akamwangalia usoni kwa muda mrefu. Shingo yake haikuwa imevimba kama za wale wenye rovu mliowahi kuwaona. Kumbe tezi ya shingoni, ndiyo hiyo thyroid, ilikuwa imechoka kufanya kazi.

Akapewa chupa ya vidonge. Enzi hizo havikuwa hivi vyeupe vya siku hizi. Vilikuwa vya rangi ya udongo, vimetengenezwa kwa tezi za wanyama zilizokaushwa, na ukifungua chupa unasikia harufu ya nyama kavu.

Yule nesi akamwambia, "Mama, dawa hii ni kama ugali. Umekula jana, leo utakula tena. Haitafika siku useme sasa nimeshiba, sili mpaka nife."

Mama akacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamwona akicheka.

Nafuu ilikuja taratibu. Uso ukanywea, nyusi zikarudi. Halafu asubuhi moja, akiwa jikoni anakoroga uji, akaanza kuimba. Baba alikuwa uani anapiga randa. Akasimamisha kazi, akabaki ameishika randa mkononi hadi mama alipomaliza ubeti. Nafikiri ile ndiyo siku niliyompenda baba kuliko siku nyingine zote.

Pasaka ya mwaka uliofuata tukaenda kwetu Iringa, milimani juu ya Ilula. Msiifikirie Ilula hii mnaposimamisha gari kununua nyanya na vitunguu. Tulisafiri kwa lori na vumbi letu, tukashuka Igawa kula, tukafika viungo vyote vinauma.

Kule kijijini walikuwa wamemwombea mama kwa muda mrefu. Na kanisa letu lilikuwa na desturi yake. Aliyejibiwa maombi anasimama mbele, anasimulia, kisha anaweka kitu madhabahuni. Kuku, ungo wa maharage, chochote.

Pia hapo madhabahuni palikuwa na kikapu. Walioacha mambo ya waganga walikuja kuweka humo hirizi zao, na baada ya ibada mwinjilisti anazichoma nje.

Mama alisimama, akasimulia vizuri sana, wanawake wakalia. Akaweka ungo wake wa maharage.

Halafu akafungua fundo la kanga, akatoa ile chupa ya dawa, iliyojazwa upya misheni kabla ya safari, akaiweka kwenye kikapu juu ya hirizi.

Akasema, "Bwana ameniponya. Hivi sivihitaji tena."

Wakuu, kanisa lililipuka. Vigelegele, makofi, watu wanakumbatiana. Baba aliimba hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

Naomba nieleweke hapa, maana najua wengine wataanza kulaumu dini. Hakuna aliyemwambia aache dawa. Yule mwinjilisti alikuwa mtu mwema, naye akishikwa na malaria anakunywa kwinini kama kila mtu. Ni mama mwenyewe alivyoona moyoni. Aliona kwamba ukisimama ukashukuru kwa kupona, kisha kesho yake ukameza dawa, umemwambia Mungu asante huku humwamini.

Jioni ile bibi, yaani mama yake baba, alimuuliza, "Mkamwana, na maneno ya daktari je?"

Mama akajibu, "Mama, nimeshasema mbele ya watu. Nikionekana nameza tena, nitaweka wapi uso wangu?"



Baba alirudi Mbeya kwenye kazi zake. Mimi na mama tukabaki kumsaidia bibi mavuno, maana mguu ulikuwa unamsumbua.

Mwanzoni mama alikuwa mzima kabisa. Hapo ndipo ugonjwa huu unapodanganya watu, kwa sababu dawa uliyokwisha kumeza inaendelea kukubeba, nawe unadhani unatembea kwa miguu yako.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, akaanza kukaa karibu na moto na blanketi mbili. Watu wakasema ni baridi tu. Milimani kule baridi si mchezo, kwa hiyo maneno hayo yaliingia akilini.

Akiulizwa hali, anajibu "mimi mzima". Alikuwa ameshakuwa ushuhuda wa kijiji kizima. Angeanzia wapi kusema anaumwa tena?

Jumapili moja nilikaa karibu na kwaya. Nikaona midomo ya mama inafuata wimbo, lakini sauti haitoki. Akaniona namtazama. Akatikisa kichwa kidogo, yaani nisiseme. Nilipofika nyumbani nilimwambia bibi hivyo hivyo, na bibi akatuma salamu kwa dereva wa lori zimfikie baba Mbeya.

Salamu za lori zilikuwa zinachelewa.

Mama akapata kikohozi. Baada ya siku chache, asubuhi hakuamka vizuri. Ukimwita anafungua jicho, analifunga. Mwili wake ulikuwa wa baridi wakati amelala chini ya mablanketi.

Bibi akapiga yowe. Mwinjilisti akaja, akamtazama, akatoka mbio kuelekea kanisani. Akarudi na ile chupa.

Kumbe siku ile ya Pasaka alichoma hirizi zote, chupa akashindwa kuichoma. Alisema moyo ulimkatalia, akaifungia kabatini na vitabu vya ibada. Akapiga magoti, akasaga kidonge kwenye kijiko cha maji, akamtilia mama mdomoni. Maji yakatoka pembeni, yakateremka shavuni.

Wanaume wakafunga machela, wakambeba kushuka mlima, wakipokezana mabegani. Wote walikuwa ni wale wale walioimba Pasaka. Siku hiyo hakuna aliyeimba. Mimi nilitembea nyuma nimeshika chupa.

Chini tukapata lori hadi hospitali Iringa. Daktari wa pale aliuliza mama alikuwa anatumia dawa gani, nikampa chupa. Akaiinua kwenye mwanga, akaona imejaa karibu hadi shingoni. Walijitahidi sana, nawashuhudia. Mama alifariki kesho yake, baba hajafika.

Baba alikuta kaburi bichi.

Mwinjilisti akamwendea kumwomba msamaha. Baba akamshika mkono akamwambia, "Mwinjilisti, na mimi niliimba."

Basi. Zaidi ya hapo hawakulizungumza tena.

Ile chupa baba aliiweka kwenye sanduku lake la vifaa, pamoja na patasi. Hakuoa tena, na kanisa hakuacha.

Uzeeni alipata presha, akapewa vidonge vya kila siku. Kila asubuhi alikuwa anakusanya wote waliopo nyumbani, anakishika kidonge kiganjani, anaomba, "Asante Mungu kwa uzima, na kwa dawa ya leo." Halafu anameza. Baada ya kumeza ndipo anasema Amina. Wageni waliwahi kusema Amina kabla, naye aliwakatalia, "Bado. Sijameza."

Ugonjwa wa mama umenifuata na mimi ukubwani. Nimeambiwa mara nyingi huwa unatembea kwenye ukoo. Nilipopata nafuu nilishukuru kanisani hapa Soweto, nikatoa sadaka yangu, nikapigiwa vigelegele. Kesho yake asubuhi nikameza kidonge na maji kabla ya chai, kisha nikasema Amina.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa kwenye dawa hizi, kujisikia vizuri maana yake dawa inafanya kazi. Ukitaka kupunguza au kuacha, nenda clinic, wapime damu, wakuambie wao. Na anayekuja kushuhudia uponyaji, mpigieni makofi, mimi nitakuwa wa kwanza, lakini mtu mmoja amfuate pembeni amuulize habari ya dawa zake. Mama yangu aliulizwa mara moja tu, hakupata wa kumng'ang'ania kwa swali hilo hadi mwisho.

Mwenye uzoefu wa ugonjwa huu, au mzazi aliyepitia kama haya, aandike hapa chini. Nitasoma yote, nina muda.

Ila wewe dada wa juzi, nakuomba unijibu kabla ya wengine. Sitaki maelezo marefu.

Leo umemeza?